Kiti cha Dereva

Rodel ameandika kwa kalamu nyekundu:
giaboksi, breki za nyuma, sakafu iliyoliwa na chumvi.
Dola elfu tatu na mia nane.
Gari lenyewe, akasema, likibahatika, mia tisa.
Akainama kufuta mikono, asinitazame,
kama daktari anayejua umeshasikia.

Hapa Winnipeg, mwezi wa pili,
magari hulala yamechomekwa umeme puani
mithili ya wagonjwa.
Nami ndiyo kazi yangu, wagonjwa:
zamu ya alfajiri, nyumba ya wazee ng'ambo ya mto,
nagawa vidonge kwenye vikombe vya karatasi.
Kipendacho moyo ni dawa, tuliambiwa.
Sawa. Lakini dawa ina kipimo,
kimoja kutwa mara tatu, baada ya kula,
na sijawahi kuona kibandiko
ubavuni mwa moyo wa mtu.

Zamda alipiga hesabu kwenye simu, chai haijapoa.
"Mama, hili wala si swali."
Ana akili mwanangu, kairithi kwa babake
aliyelinganisha bei ya vitunguu maduka matatu,
kisha akanunua gari hili kwa sababu tu
rangi yake ilimkumbusha mlango wa kwao Pangani.

Nyuma ya bili ya gesi nikachora mstari katikati.
Kushoto, AKILI. Upande ule ukajaa hadi pembeni.
Kulia, MOYO. Nikaandika: kiti.
Nikakata.
Nikaandika tena: kiti.

Maana Hatibu alikuwa mrefu.
Miezi kumi na minne tangu tumzike
katika udongo uliogoma, hadi ukaletewa mashine,
na kiti cha dereva kipo pale pale alipokiacha,
nyuma kabisa.
Naendesha na mito miwili mgongoni,
nakanyaga breki kwa ncha za vidole,
juu ya barafu, saa kumi na moja alfajiri.
Kila taa nyekundu akili ilinipigia kelele.
Moyo haukujibu. Moyo haubishani,
unakaa tu sebuleni, mgeni
ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza anaondoka lini.

Jumanne nikaenda kumpa Rodel jibu,
lile la hesabu. Nimelibana midomoni
kama fundi cherehani na pini zake.
Nikamkuta ndani ya gari, analisogeza lipishe trela,
na Rodel ni mfupi hata kuliko mimi.
Hakuniuliza. Angeniulizaje?
Alivuta kile chuma cha chini, krrk,
akajisogeza mbele.

Nilisimama kwenye theluji, nimekumbatia mkoba,
nikisubiri nianguke.
Sikuanguka.
Akashuka, nikaingia. Mito nikaitupa kiti cha nyuma.
Miguu ikafika.
Nikaiona pua ya gari, kumbe ina mkwaruzo,
nikaona barabara inapoanzia.

Hapo ndipo moyo, bubu wa miezi yote ile,
ukafungua kinywa: Basi. Liuze.
Ameshashuka.
Na akili, wakili wangu mwenye mafaili,
ikakohoa, ikageuza ukurasa:
Basi? Basi la kwanza linapita saa kumi na mbili na robo.
Zamu inaanza saa kumi na mbili.
Mia tisa hainunui gari, inanunua tairi.
Halafu yule Bibi Kowalchuk wa chumba cha saba
hamezi kidonge mkononi mwa mtu mwingine.
(Hili la mwisho sijui lilipitia mlango gani,
lakini lilisomwa kwa sauti ya akili.)

Nikavisikiliza vikibadilishana viti,
injini inanguruma, kioo kinayeyuka taratibu
kuanzia chini.

"Tengeneza," nikamwambia Rodel.
"Nitalipa kidogo kidogo."

Zamda alipouliza, nilimwambia ni moyo.
Akanikumbatia, hakuhoji tena.
Hesabu angeibishia mpaka usiku wa manane.